Sahani ya Aliye Angani

Sifa njema zote ni zake Mwenyezi Mungu, aliyewapa ndege anga na akatupa sisi wanadamu miguu, kisha akatutia moyoni hamu ya kile alichowapa wao. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu, na jamaa zake, na kila aliyefuata njia yake kwa subira. Namshukuru Mola wangu kwa umri alionipa, kwa macho ambayo bado yanasoma, na kwa kunifikisha mwezi uliopita, mgeni alipoingia nyumbani kwangu na kunifungua kinywa juu ya mambo ambayo kwa miaka mingi nilikuwa nikiyameza na mate.

Mgeni mwenyewe alikuwa binti mmoja mrefu, mwenye shingo ndefu na mkoba wa safari begani. Alisimama nje ya ukuta wa msikiti wetu hapa Lubumbashi, baada ya swala ya alasiri, kitenge amejifunika kichwani kwa heshima, akiwauliza wazee waliokuwa wakitoka: "Samahani ba papa, munajua muzee mumoja, banamuita Omari, mwenye alisimama mu hewa?" Wazee wenzangu wakacheka. Mmoja akamjibu, "Mama, ba Omari hapa biko mingi. Kuko Omari wa cherehani, kuko Omari wa mafuta ya mawese, kuko Omari mwenye hasikie. Wa mu hewa hatuna." Mimi nilikuwa nimeinama navaa viatu. Nilibaki na kiatu kimoja mkononi, kwa sababu duniani palikuwa na mtu mmoja tu aliyeniita hivyo, na mtu huyo nilikuwa nimemweka katika dua zangu mwaka hata mwaka bila kujua nimwombee kama msafiri au kama maiti.

Mwaka ninaousimulia ni ule ambao nchi yetu, bado ikiitwa kwa jina lake la zamani, ilikuwa ikimomonyoka kama ukuta wa matofali mabichi uliopigwa na mvua. Wanajeshi hawakulipwa, maduka yalifunga milango kabla ya adhuhuri, na noti mpya ilizeeka thamani kabla haijakunjwa. Katika mwaka kama huo, sisi vijana wachache tulichukuliwa kufundishwa urubani wa kijeshi. Tuliwekwa kwenye uwanja wa zamani wa ndege nje ya mji, ukishapita hoteli ya Karavia, mahali ambapo reli hupita nyuma ya vichuguu. Tulilala katika nyumba moja ndefu yenye paa la bati, vitanda vya chuma vimepangwa kama meno, na madirisha yaliyozibwa kwa maboksi badala ya vioo. Ilikuwa miezi ya baridi. Asubuhi bati lilikuwa likidondosha umande juu ya mablanketi yetu, na kitanda changu kilikuwa karibu na cha Kabeya, ambaye alilala na viatu vyake chini ya mto na kuamka akicheka. Sikupata kumjua mtu mwingine aliyeamka akicheka.

Ndege ilikuwapo. Ilikuwa moja, ndogo, ya viti viwili, imefunikwa turubai ndani ya banda, na kila Jumamosi tuliivua turubai, tukaipangusa, tukaifunika tena kama watu wanaomtunza mgonjwa. Mafuta yake ndiyo hayakuwapo. Mkufunzi wetu, kapiteni mmoja mwenye mvi na miwani iliyofungwa kwa waya sikioni, hakutaka kutuacha tukae bure. Alimwaga chokaa ardhini, akachora uwanja mzima na njia ya angani kuuzunguka: unapaa, unakata kushoto, unakata kushoto tena upepo ukiwa mgongoni, kushoto, kushoto, unatua. Tukaruka kwa miguu. Kila mmoja alishika mwiko wa kusongea bukari, ugali wetu, mbele ya kitovu, huo ndio usukani. Mkono wa kushoto ulisukuma na kuvuta kitu kisichokuwapo, hiyo ndiyo nguvu ya injini. Na kwenye kona mkono mmoja uliachia, ukanyooshwa nje, nawe ukaegemea upande kama bawa linavyoegemea. Kinywa kilitangaza kwa Kifaransa ulipofika. Kapiteni aliketi katikati juu ya boksi la risasi tupu, akinywa chai isiyo na sukari, na ghafla alipiga kelele, "Injini imezimika! Omari, unafanya nini?" na ilikupasa kujibu huku unatembea. Sheria ilikuwa moja, na ilikuwa juu ya sheria zote: ndege haisimami hewani. Aliyesimama, hata kwa kujikwaa, hata kwa kupiga chafya, alikuwa amekufa, na wafu walilala kwenye majani mpaka saa ya kula.

Wanawake waliopita na magunia ya makaa kichwani walisimama kwenye uzio kututazama. "Yo! Ba kuku ba serikali!" walipiga kelele. "Mabawa mbili, lakini banatembeya tu!" Kabeya aliwapungia mwiko akajibu, "Mama, ngoya tu! Siku nitaruka, nitakuangushia yayi mu kichwa!" Nao wakacheka mpaka magunia yakatikisika.

Jina hilo la kuku lilipendwa zaidi na mpishi wetu, Mama Ziada, mwanamke mnene wa Maniema aliyeswali swala zake zote nyuma ya jiko juu ya gunia safi la unga. "Ba kuku yangu, kuyeni mukule!" aliita, na tulikuja. Mwanzoni palikuwa na bukari, sombe ya majani ya muhogo, na samaki. Kisha bukari na mchicha wa lengalenga. Kisha uji wa mahindi, na siku ya bahati kiganja cha vinkubala, wale viwavi wa miti waliokaushwa, ambao Kabeya aliwatafuna mmoja mmoja ili wasiishe. Mama Ziada alikuwa na desturi yake, na ilikuwa kali kama sheria ya kapiteni. Alisema ameipata kwa marubani wa zamani aliowapikia ujanani. Sahani ya mtu aliye angani haiguswi. Inafunikwa kwa sahani nyingine, inawekwa mahali pake mezani, na hapo inakaa mpaka mwenyewe atue, anawe, aketi. Si kutua kwenye kiwanja tu. Kuketi. "Kama hayaikala chini hapa," alisema akigonga meza, "kwangu mimi iko hewani bado." Kwa kuwa sisi tulirukia ardhini, desturi ile ilikuwa mchezo. Aliyechelewa kwenye chokaa alifunikiwa sahani yake, na sisi wengine tuliila kwa macho.

Siku zilivyokwenda, mchezo ulipungua. Mjini maneno yalikuwa yamegeuka. Watu waliozaliwa mtaa mmoja walianza kuulizana babu wa nani alizikwa wapi, na wale ambao asili yao ilikuwa upande wa Kasai waliitwa kwa jina la wadudu ambalo sitaliandika, kwa maana ulimi nao utaulizwa. Jioni tuliona familia zikifuata reli na magodoro, sufuria, milango ya nyumba zao iliyong'olewa, kwenda kungojea treni kwenye kituo kidogo kilichokuwa nyuma ya vichuguu, kwa sababu kituo cha mjini hakikuwa na nafasi tena ya kuketi. Kabeya alikuwa wa watu hao. Alizaliwa hapa, Kiswahili chake kilikuwa hiki chetu, lakini mama yake na wadogo zake walikuwa tayari wamelala kwenye kokoto za kituo kile, na yeye alikataa kwenda kabla hajaruka. "Nikienda sasa," aliniambia usiku mmoja, tumelala, "nitabeba nini? Mwiko? Banatukamata nyumba, banatukamata kazi. Niache nibebe hata kuruka mara moja tu mu kichwa." Asubuhi nilipopita karibu na jiko nilimsikia askari wa lango akimwambia Mama Ziada, "Ule Mukasai wenu iko anangoya nini? Benzake banapanda treni." Mama Ziada hakuinua macho kwenye mahindi aliyokuwa akiyachambua. "Miye nakulisha kuku," alisema. "Kuku haina kabila. Toka mu mulango, unazibia mwangaza."

Wenzetu waliondoka mmoja mmoja, wengine kwa hofu, wengine kwa njaa, mpaka tukabaki mimi na Kabeya. Hapo ndipo kapiteni alipokuja na pipa dogo la mafuta juu ya baiskeli, akilisukuma mwenyewe, jasho likimtiririka. Hakutuambia ameyatoa wapi. "Bon," alisema. "Hii inatosha kupaa mara moja, kuzunguka, kutua. Mara moja tu. Kesho mutatembea mbele yangu, mumoja mumoja. Mwenye atatembea bila kosa, njo atapanda." Sikulala. Sitasema uongo, na Mungu ananiona: niliitaka safari ile kuliko nilivyokitaka chakula. Nilisikia Kabeya naye hajalala. Alikuwa akinong'ona zile kona gizani, kushoto, kushoto.

Asubuhi ilikuwa tulivu mpaka nilipoanza. Nilipaa vizuri. Nilikata kona ya kwanza, ya pili, nikatangaza upepo mgongoni, kapiteni akanizimia injini nikaifufua. Nilikuwa nimeelekea kona ya mwisho nilipoziona kofia na matawi mabichi nyuma ya uzio. Walikuwa vijana wengi, wengine na fimbo, wengine na minyororo ya baiskeli, na askari wa lango alikuwa anacheka nao. Mmoja akapaza sauti: "Kabeya! Toka! Tunajua uko mule! Gari-moshi inakungoya!" Na mwingine, sauti nyembamba ya mtoto wa shule: "Ama utabakia mu udongo yetu milele!" Miguu yangu ikasimama. Sikuiamuru. Nilisimama na mwiko mkononi, uso nimeugeuza kwenye uzio, na nyuma yangu nikasikia sauti ya kapiteni, ya chini, kana kwamba ananisomea dua. "Umekufa, Omari."

Nililala kwenye majani kama ilivyokuwa sheria. Na nikiwa hapo chini nilimwona Kabeya akiingia kwenye chokaa. Walikuwa wanaliita jina lake. Walilivunja, wakaliimba, wakalitemea mate. Yeye alikata kushoto, akaegemea, akatangaza. Kapiteni akamzimia injini mara mbili na mara mbili akajibu huku anatembea, na alipopita karibu nami niliona jasho kwenye shingo yake ndefu na midomo iliyokauka, lakini macho yalikuwa yakisoma saa za ndege zisizokuwapo. Hakugeuza kichwa. Alitua, akafunga injini, akanitazama nilipolala. "Weye," akasema akihema, "njo muntu wa kwanza mwenye nimeona anasimama mu hewa." Na akacheka, wallahi akacheka, jina lake likiwa bado linapigiwa kelele uziani.

Kapiteni hakungoja. Tuliisukuma ndege nje, tukamimina mafuta, na wale vijana walipoona banda limefunguliwa walikwenda mbio kuzunguka hadi langoni ili waingie. Kabeya na kapiteni wakapanda, ndege ikanguruma, ikavuka vumbi lake yenyewe, ikapaa. Mimi na Mama Ziada tulisimama mlangoni pa jiko. Kwenye kona ya kwanza bawa liliyumba vibaya, ndege ikashuka kama iliyokosa ngazi, na Mama Ziada akashika mkono wangu mpaka kucha zikaingia. Baadaye kapiteni alinieleza. Kabeya, alipofika mahali pa kukata kushoto, aliuacha usukani akanyoosha mkono nje kama bawa, kama tulivyozoea kwenye chokaa. "Nilikalia mikono yangu," kapiteni alisema, "nisimusaidie. Akaangalia ule mukono yake, akacheka, akarudisha." Kosa kama lile hakuna rubani wa nchi nyingine angeweza kulifanya. Kona tatu zilizobaki alizikata kama kisu.

Vijana waliingia jikoni ndege ikiwa upande wa mbali. Walijaa mlangoni, wakatafuta chini ya meza, nyuma ya magunia. Mezani palikuwa na kitu kimoja tu, sahani ya bati yenye ua la bluu, imefunikwa na nyingine. Mkubwa wao akaweka mkono juu ya kifuniko. "Hii ya nani?"

"Ya mwenye iko hewani," Mama Ziada alisema.

"Njo ya Kabeya?"

"Gusa, utaona." Alikuwa na mwiko wa moto mkononi, na sauti yake haikupanda. "Mama yako hakukufundisha? Chakula ya muntu mwenye iko hewani, mwenye kuigusa anakula maiti yake mwenyewe."

Ule mkono ukatoka. Nakumbuka tulisikiliza wote, wao na sisi, ule mngurumo unavyokuja, kisha matairi kugusa. Lakini ndege haikurudi kwetu. Ilikimbia mpaka mwisho kabisa wa kiwanja, kule kwenye vichuguu, ikageuka nyuma yavyo, na kwa muda tuliona vumbi tu. Iliporudi polepole mpaka bandani, vijana waliikimbilia. Ndani palikuwa na kichwa kimoja, chenye mvi na miwani ya waya.

Walimpiga kapiteni kidogo, si sana. Sare bado ilikuwa na uzito wake kidogo. Wakaenda kwenye vichuguu, wakarudi bila kitu. Jioni treni ikalia. Sahani ikabaki mezani. Nilimwambia Mama Ziada nile, mimi nilikuwa na njaa na wafu huruhusiwa kula. Alikataa. "Haikukala chini," alisema. Alilala karibu nayo. Siku chache baadaye wanajeshi wenyewe waliupora uwanja wote, wakabeba vitanda, bati, hata magurudumu ya ndege, na Mama Ziada akaondoka na bunda lake. Bukari ilikuwa imekauka ikawa jiwe; aliisalimisha kwa kuku wa kweli wa jirani huku analia. Zile sahani mbili alinipa mimi. "Weye unabakia Lubumbashi," alisema. "Akirudi, umukalishe."

Kabla hatujatawanyika nilimuuliza kapiteni jambo lililonila. "Kapiteni, kama sikusimama, ungenipandisha miye?" Alivua miwani akaipangusa kwa muda mrefu. "Sheria ni sheria, mutoto. Ningekupandisha weye." "Na Kabeya?" Alirudisha miwani, akafunga waya sikioni.

Sikuruka tena kamwe. Nikarudi kwenye elimu niliyolelewa nayo, nikasomesha watoto Qur'ani, na Mungu akanipa riziki ya kutosha. Lakini usiku mwingi nilisimama tena pale kwenye chokaa na nikaisikia ile sauti nyembamba ya mtoto wa shule uziani, na kwa miaka nililia kwamba miguu yangu iliniibia anga. Mola aliponijalia kwenda Makka, katika tawafu, Kaaba ikiwa upande wangu wa kushoto na umati ukinisukuma, miguu ilitambua njia kabla ya akili. Kushoto, kushoto. Mtu nyuma yangu alipaza sauti kwa lugha nisiyoijua, akiita jina la mwenzake aliyepotea, na mwili wangu wote ulitaka kusimama. Sikusimama. Na hapo, nikitembea, ndipo nilipoelewa nilichokuwa nikikililia: kama miguu ile isingesimama siku ile, mimi ningekuwa angani na Kabeya angekuwa jikoni. Aliyenisimamisha hakunidhulumu. Nilimaliza tawafu yangu nikilia kama mtoto, na watu walidhani ni ibada. Ilikuwa ibada.

Basi yule binti, anaitwa Kapinga, niliketi naye barazani. Baba yake, Kabeya, alifika. Treni ilikaa njiani siku nyingi, wakazika watoto kando ya reli, lakini alifika, akauza vipuri vya baiskeli huko Mwene-Ditu, upande wa Kasai, akaoa, akazaa. Hakuruka tena naye. "Asubuhi alikuwa anazunguka mu lupango ya nyumba," binti alisema, "mukono moja hivi, mukono ingine hivi. Shiye tulizania ni sala ya Kikatolika ya zamani." Alifariki mwaka huu kwa ugonjwa wa mapafu. Kabla hajafa alimwambia: nenda Lubumbashi, tafuta Omari mwenye alisimama mu hewa, umwambie nilitua.

Nilimsikiliza mpaka mwisho. Kisha nikamwita mke wangu, Halima, aliyezijua zile sahani za bati maisha yetu yote ya ndoa na hajawahi kuniuliza kwa nini hazitumiki. Akasonga bukari, akapika sombe, na samaki mkubwa, kwa sababu mwaka huu tunao. Nikaiweka sahani mezani, nikaifunika na nyingine, ua la bluu juu. Binti akanawa mikono. "Ikala, mama," nikamwambia. Akaketi. Akafanya ishara yake ya msalaba, nami nikasema bismillahi, nikafunua.

Alikula polepole, kwa namna niliyoijua, akitafuna kana kwamba hataki iishe. Aliifuta sahani kwa tonge la mwisho mpaka ua likaonekana lote. Mimi sikula. Nilikuwa nikimtazama mtu akitua.

Nawe unayesoma haya, Mwenyezi Mungu akuwekee chakula chako kikiwa kimefunikwa mahali unapongojewa, akuvushe kona zako zote, akufikishe, uketi. Na yule unayemngoja wewe, akuletee habari zake kabla sahani haijapoa. Amina.